UZI: Bahasha, risiti na fomu za posta za zamani. Tusizichome, na hivi ndivyo zinavyotunzwa

#1 Bahasha Nzima

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila familia inapogawana mirathi au kuhama nyumba, uani huwashwa moto, na ndani ya moto ule huwa kuna makaratasi ya posta. Stempu mara nyingi hupona kwa sababu kila mtu ameshasikia kwamba zinakusanywa. Mtu anachukua mkasi, anakata kona ya bahasha, vipande anaviweka kwenye kopo. Bahasha yenyewe inaungua pamoja na risiti za rejesta (za barua zilizoandikishwa posta), fomu za mani oda, karatasi za simu ya maandishi (telegramu), vitabu vya akiba vya posta na barua za ndege. Uzi huu ni wa hivyo vinavyoungua.

Stempu iliyokatwa inakwambia nchi na bei, basi. Ikiwa bado imekaa mahali ilipobandikwa, inaanza kusema. Muhuri wa mbele unataja mji na tarehe. Geuza nyuma, mara nyingi utakuta mihuri mingine ya ofisi ambazo barua ilipitia, na ukiipanga kwa tarehe unapata safari nzima. Lebo ya rejesta ina jina la ofisi na namba. Wakati wa vita kulikuwa na utepe wa wakaguzi waliofungua barua na kuifunga tena. Karani naye aliandika kwa mkono kwamba mwenyewe amehama, au hajulikani. Na jumla ya bei za stempu zote ndiyo inayoonyesha nauli ya barua siku ile, kitu ambacho hakiwezekani tena ukishakata moja na kuacha nyingine.

Mfano: Imperial Airways, shirika la ndege la Waingereza, walianza huduma ya barua kwa ndege kutoka London hadi Mwanza tarehe 28 Februari 1931, kwa kupitia Cairo, Khartoum, Juba na Kisumu. Bahasha ya safari ile ya kwanza, ikiwa nzima na mihuri yake, ni ushahidi kwamba Mwanza ilikuwa mwisho wa njia ya ndege iliyoanzia Ulaya, mwaka mmoja kabla njia hiyo haijasogezwa hadi Cape Town. Kata stempu, na mkononi unabaki na picha ya mfalme.

Hata kama tarehe imefutika, fedha inakusaidia kukisia umri wa karatasi. Upande wa Wajerumani, pesa 64 zilifanya rupia moja, na kuanzia 1905 wakatumia heller, 100 kwa rupia. Upande wa Kenya na Uganda zilikuwa anna, kisha senti za rupia, zikapita florini kwa muda mfupi baada ya 1920, halafu shilingi ikaingia 1922. Zanzibar walikaa na rupia yao hadi 1936. Kwa hiyo risiti ya Unguja yenye shilingi haiwezi kuwa ya 1925, hata muuzaji akiapa.

Wenye makaratasi ya namna hii nyumbani, karibuni tuelezane.

#2 Kijana wa Mbagala

Mkuu, uzi mzuri. Ila hapo kwenye risiti ya rejesta sijaelewa. Stempu ina picha, ina bei kwenye katalogi. Risiti ni karatasi tu, mtu anaikusanya ya nini?

#3 Bahasha Nzima

Mkuu wa Mbagala, stempu zilichapishwa kwa wingi na tangu mwanzo kulikuwa na watu wa kuzihifadhi. Miaka ya 1990 Tanzania ilitoa mifululizo mingi sana kwa ajili ya wakusanyaji wa nje, na nyingi kati ya stempu hizo hazikuwahi kubandikwa kwenye barua ya mtu wa hapa. Hizo hazitapotea.

Fomu ilichapishwa itumike, ikae kwenye faili kwa muda, kisha iteketezwe. Hakuna aliyeweka akiba. Ndiyo maana unaweza kupata stempu za simba na Mlima Kilimanjaro za mwaka 1935 bila shida kubwa, lakini fomu ya mani oda iliyojazwa miaka hiyo hiyo ukaitafuta nchi nzima usiione.

Na fomu hiyo ina mambo mazito. Kabla M-Pesa haijaanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, kijana aliyefanya kazi kwenye mkonge au bandarini alitumaje hela nyumbani? Alimpa mtu anayesafiri, au alikwenda dirishani posta. Karatasi ya dirishani ina jina lake, ofisi aliyotumia, ofisi ya kulipia, kiasi, na sahihi ya aliyepokea au alama ya dole gumba lake. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo alama pekee ya bibi au babu iliyobaki kwenye karatasi. Mimi nikiambiwa nichague kati ya albamu moja ya stempu safi na bahasha moja ya kaki iliyojaa fomu za aina hiyo, nachukua bahasha ya kaki.

Kuna na karatasi nyingine ambazo watu wanazidharau: matangazo ya nauli mpya yaliyobandikwa ukutani posta, risiti za kulipia sanduku la posta, kadi ya kukuita uchukue kifurushi, lebo ya forodha, vipeperushi vya kutangaza stempu mpya, bahasha za siku ya kwanza, yaani zilizogongwa muhuri siku stempu ilipotoka. Huku kwetu ambako kwa miaka mingi barua hazikuletwa mlangoni, risiti ya sanduku ina uzito wa pekee. S.L.P. moja ilibeba barua za ukoo mzima, shule nzima, au msikiti na jirani zake wote.

#4 Mwana wa Ng'ambo

Assalaam alaykum jamaa. Mimi niko Unguja, nami nichangie.

Mji wetu huu umepata kuwa na posta tatu za mataifa matatu kwa wakati mmoja. Posta ya Wahindi, yaani ya serikali ya Uingereza kule India, ilishakuwepo tangu miaka ya 1870, na barua zikibandikwa stempu za India. Wafaransa wakafungua yao 1889, wakakaa nayo mpaka 1904. Wajerumani nao wakafungua 1890 na kufunga 1891. Kwa hivyo mfanyabiashara wa Mji Mkongwe mwaka 1890 alichagua aipeleke barua yake posta ya nani, kutegemea meli gani inaondoka. Stempu ya India iliyokatwa, bila ya muhuri wa Zanzibar kuonekana wote, huwezi kujua kama ilitumika hapa au Bombay. Bahasha nzima ndiyo inayothibitisha.

Halafu kuna JAMHURI 1964. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, stempu zilizokuwepo posta zilikuwa na sura ya Sultani. Zikagongwa muhuri wa mkono wenye neno JAMHURI na mwaka, zikaendelea kuuzwa, baadaye ndiyo zikaja zilizochapwa kwa mashine. Nyumbani kwetu zipo bahasha za wakati ule, kwa sababu nusu ya jamaa wako Maskati na Dubai na barua zilikuwa hazikatiki. Hakuna aliyezitunza kwa ajili ya stempu. Zilitunzwa kwa sababu ya waliomo ndani.

#5 Bahasha Nzima

Shukrani sana sheikh. Bahasha hizo usimruhusu mtu azikate. Muhuri wa mkono wa JAMHURI umeghushiwa mno, na bahasha iliyosafiri kweli, yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa upande wa pili, ina ushahidi ambao stempu iliyobanduliwa peke yake haina.

Umenikumbusha habari ya Vuga, kule Usambara, Wajerumani waliandika Wuga. Vita ya Kwanza ilipofunga bahari, koloni likakaribia kuishiwa stempu. Mwaka 1916 misheni ya Vuga ikachapisha za dharura kwenye mtambo wake, za heller mbili na nusu, heller saba na nusu, na rupia moja. Hazikutumika. Zilifukiwa ardhini zisiangukie mikononi mwa adui, zikafukuliwa baada ya vita na kuuzwa Ujerumani. Ndiyo maana nyingi zilizopo leo zina alama za unyevu. Mchapo wa Usambara, umefukiwa na kufukuliwa Tanganyika, na sisi hapa wengi hatujapata kuuona hata kwa picha.

#6 Msomaji wa River Road

Hamjambo wote. Kwa walio Nairobi, ingieni Kenya National Archives pale Moi Avenue muone mkusanyo wa Joseph Murumbi. Huyu alikuwa makamu wa rais wa pili wa Kenya, mwaka 1966. Alikusanya sanaa, vitabu na stempu za Afrika, na serikali ikaununua mkusanyo wake. Wengi hupita kwa vinyago na kutoka. Mimi huwaambia wanafunzi wakae kwenye stempu pia.

Jambo la pili ni makosa ya uchapaji. Mfululizo wa kombe za baharini wa Kenya wa 1971 ulikuwa na majina ya kisayansi yaliyokosewa kwenye stempu mbili. Senti 50 iliandikwa Janthina globosa, ikasahihishwa kuwa Janthina janthina. Senti 70 ilikuwa Nautilus pompileus, ikawa pompilius. Ukipata barua ya zamani yenye kombe, soma herufi ndogo kabla hujaitupa.

#7 Pangani Mjini

Wakuu, mimi nina shida. Sanduku la bati la marehemu baba mdogo limefunguliwa juzi, lina barua na fomu za posta za tangu wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Zimeshikana, zina madoa ya kahawia, nyingine zina ukungu wa kijivu na harufu. Zimebanwa na pini zilizoota kutu. Nianzie wapi? Shemeji anasema nizianike juani.

#8 Bahasha Nzima

Pole kwa msiba, mkuu. Usizianike juani. Jua la pwani linapausha wino, hasa wino wa zambarau wa mihuri, na karatasi inakakamaa na kujikunja. Nitaandika kirefu kidogo kwa sababu shida hii wengi wa pwani tunayo.

Kwanza zitenge na vitabu vingine vya nyumba, maana ukungu unahama. Vaa barakoa. Zitandaze kivulini kwenye chumba chenye hewa, feni iwe inazungusha hewa bila kuzipuliza moja kwa moja, na chini utandike karatasi nyeupe za fotokopi. Magazeti usitumie, yana asidi na wino wake unahamia. Ukungu ukishakauka ukawa unga, toka nao nje, uupanguse taratibu kwa brashi laini ya rangi, kuelekea upande mmoja. Kitambaa kibichi ni marufuku, kinausukuma ndani ya nyuzi za karatasi. Madoa ya kahawia yaache. Hayatoki kwa njia za nyumbani, na wanaojaribu kwa dawa ya kufulia wanatoboa karatasi.

Zilizoshikana usizivute. Zikikauka polepole nyingine zitaachana zenyewe. Zisizoachana ziache pamoja kwenye bahasha moja mpaka upate fundi wa makavazi (nyumba ya kumbukumbu), maana gundi ya stempu imeyeyuka na kushika, na ukiivuta unaondoka na ngozi ya karatasi ya jirani.

Pini zenye kutu ziondoe, lakini usiichomoe pini iliyong'ang'ania. Ingiza kipande cha plastiki nyembamba kati ya pini na karatasi, ilegeze kidogo kidogo. Kutu ikiachwa inakula karatasi mpaka tundu. Mipira ya kufungia nayo itoe, inayeyuka na kuacha alama ya kudumu. Selotepu usiikaribishe kabisa. Baada ya miaka gundi yake inageuka njano, inapenya upande wa pili, na plastiki inabanduka ikiacha doa.

Adui mkubwa huku ni unyevu wa hewani. Ukungu unaamka unyevu ukizidi kama asilimia 65 hadi 70, na pwani tunaishi juu ya hapo siku nyingi za mwaka. Kwa hiyo kazi ya kufungua na kupepea makaratasi ifanye kiangazi, Januari na Februari, na masika usifungue bila sababu. Sanduku la bati si baya, linazuia mchwa na panya, mradi kilichomo kiwe kimekauka kabla ya kufunga. Ukifungia unyevu ndani umeupikia ukungu chakula. Liweke juu ya matofali au stuli, mbali na ukuta wa nje, na mle ndani weka pakiti za silika jeli ambazo unaweza kuzikausha upya kwenye oveni ya moto mdogo. Kuna watu wanaweka mchele kama kwenye kikopo cha chumvi. Mchele unaita wadudu. Vidonge vya nondo pia siviungi mkono, moshi wake si mzuri kwa mapafu wala kwa baadhi ya plastiki.

Kuhusu plastiki: mifuko ile laini inayonuka ukiifungua, ya PVC, inatoa mafuta baada ya muda na kunyonya wino. Tafuta ya poliesta au polipropilini, isiyo na harufu. Ukikosa, tumia karatasi nyeupe za fotokopi, kwani nyingi za siku hizi hazina asidi kama za zamani, na gharama yake unaimudu. Kunja bahasha moja moja ndani yake, na maelezo yako yaandike kwa penseli kwenye karatasi ya nje. Kalamu ya wino isiguse kitu cha asili.

Ukiona vumbi la kutafunwa, au wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokimbia ukifungua kitabu, funga makaratasi makavu kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, yaweke kwenye friza kali wiki mbili. Ukitoa, acha mfuko umefungwa siku nzima mpaka baridi iishe, la sivyo maji ya hewani yatatua juu ya karatasi.

#9 Kijana wa Mbagala

Kuna duka hapa la stesheneri linanishawishi nifanye laminesheni kwenye kitabu cha akiba cha posta cha bibi. Vipi?

#10 Bahasha Nzima

Hapana mkuu, tafadhali. Laminesheni ni joto na gundi, na hairudi nyuma. Ukurasa ukishaingia mle hautatoka salama, na asidi iliyomo ndani ya karatasi inaendelea kuila ikiwa imefungiwa. Vyeti vyetu vingi vimeharibiwa hivyo kwa nia njema. Kitabu cha bibi kiweke ndani ya karatasi safi, kisha mfuko usionuka.

Na kwa risiti za mashine za siku hizi, zile zinazochapwa kwa joto: zinafutika zenyewe. Ukitaka ibaki, iskani wiki ile ile.

#11 Mjukuu wa KAR

Nimesoma kimya, sasa naomba kuuliza. Babu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), alipigana Burma. Tunazo barua zake chache kwa Kiswahili. Muhuri hauna jina la mji, kuna herufi E.A. A.P.O. na namba tu. Ni nini? Na baba anakataa zionekane mtandaoni, kuna maneno ya ndani ya familia.

#12 Bahasha Nzima

Ndugu yangu, hizo ni mali. E.A. A.P.O. ni ofisi ya posta ya jeshi la Afrika Mashariki. Namba iliwekwa badala ya mji ili barua ikinaswa adui asijue kikosi kiko wapi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana bonde la Kabaw mwaka 1944, na ukiwa na namba na tarehe unaweza kumfuatilia babu mwezi hadi mwezi. Angalia pia kama kuna muhuri wa mkaguzi na sahihi ya ofisa, maana barua za askari zilisomwa kabla ya kutumwa. Vitabu vya vita ile vilivyoandikwa kwa Kiingereza tunavyo rafu na rafu. Kilichoandikwa na askari mwenyewe kwa Kiswahili ni kidogo mno.

Baba yuko sahihi na msikilizeni. Upande wa bahasha, yaani mihuri, lebo na utepe, unaweza kuonyeshwa huku jina na anwani vimefunikwa. Ya ndani yanabaki ya familia mpaka familia iamue. Skanini kila kitu kwa ajili yenu, nakala mbili katika nyumba mbili tofauti, na mkiamua siku moja kukabidhi kwenye makavazi mnaweza kuweka masharti ya miaka mingapi yasisomwe.

Jambo la jirani: wale wa Arusha wenye barua za Tengeru, kambi ya wakimbizi wa Kipolandi iliyoanza 1942, msizione za kigeni mkazitupa. Ni historia ya Meru pia. Vilevile Kigoma, Rwanda na Burundi, stempu za Kongo zilizopigwa chapa ya uvamizi wa Wabelgiji za 1916, zikiwa bado kwenye karatasi.

#13 Dalali Mstaafu

Mimi nauliza la mfukoni. Nikitaka kuuza, nitajuaje bei, na nikitaka kununua nitajuaje si feki?

#14 Bahasha Nzima

Bei sitataja, inategemea hali ya kitu na mnunuzi. La feki naweza kusema. Ogopa zaidi chapa za muhuri wa mkono, kwa sababu muhuri wa mpira kila mtu anaweza kuchongesha. Waingereza walipokiteka kisiwa cha Mafia Januari 1915, walipiga chapa ya G.R. MAFIA kwenye stempu za Kijerumani walizozikuta. Bandia zake ni nyingi sana, kwa hiyo usinunue bila cheti cha wataalamu. Kwenye bahasha, angalia kama muhuri umepita juu ya stempu na kuendelea kwenye karatasi bila kukatika, kama tarehe inalingana na fedha, na kama njia ya barua ina mantiki.

La uzito zaidi ni asili ya kitu. Faili lenye mhuri wa ofisi ya serikali au tundu la kufungia, likitembezwa mtaani, liulize lilitokaje huko. Tanzania ina Sheria Na. 3 ya mwaka 2002 ya usimamizi wa kumbukumbu na nyaraka, na kumbukumbu za umma haziuzwi na mtu binafsi. Karatasi ya mwananchi aliyoipokea kwa jina lake ni yake. Nakala ya ofisi ni ya umma.

#15 Pangani Mjini

Wakuu nimerudi. Zimekauka, pini zimetoka. Ndani ya kitabu cha shule nimekuta fomu ya simu ya maandishi imejazwa kwa penseli, maneno machache tu: "Mama mgonjwa njoo haraka." Nyuma kuna mahesabu ya mtu, kama ya duka. Nikiiskani nichukue mbele tu?

#16 Bahasha Nzima

Pande zote mbili mkuu, kwa rangi, dpi 600, na uweke rula pembeni ili vipimo vionekane. Mahesabu ya nyuma usiyafute hata kama ni ya duka. Angalia kona ya chini kabisa ya fomu, kwa herufi ndogo sana, huwa kuna namba ya fomu na wakati mwingine jina la mchapaji. Ukiipata iandike hapa.